Kuuza Pijo la Baba

Mtu akisimama kwenye geti letu hapa Picha ya Ndege, Kibaha, kitu cha kwanza alichokuwa akikiona hakikuwa nyumba. Alikuwa akiona gari, pijo la zamani. Lilikaa katikati ya uwanja, jeupe lililogeuka rangi ya chai ya maziwa, refu, lenye viti vya safu tatu, na kila aliyeingia ilibidi alizunguke ndipo aufikie mlango wetu. Mgeni akishalizunguka anasimama, anaguna, halafu anasema, "Aisee, pijo. Baba yangu alikuwa nalo." Kama si baba yake ni mjomba wake, au mkuu wa shule aliyosoma. Kisha anataka kunisimulia palepale juani. Nimesikiliza hadithi hizo kwa miaka, nimeshika mfuko wa nyanya mkononi, samaki wakiharibika.

Gari hilo lilikuwa la baba, Mungu amrehemu. Baba alikuwa mganga wa zahanati katika kijiji kimoja mbele ya Mzenga, Kisarawe ya ndani kabisa, na alilinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Huko hapakuwa na gari jingine la kutegemewa, kwa hiyo pijo lilibeba wagonjwa, maharusi, maiti, na magunia ya korosho msimu ukifika. Macho yake yalipoanza kufifia, alinikabidhi mimi funguo. Kaka yangu ndiye mkubwa, lakini kaka alilitia mtaroni wakati anajifunza kuendesha, na baba hakuwa mtu wa kusahau. Mimi nilikuwa na kazi ya ofisini Kibaha, nilijua kuendesha, na nilikuwa na kiwanja.

"Litakaa kwako," baba alisema.

Hakusema litakuwa lako. Tofauti ya maneno hayo mawili imenisumbua kuliko ugonjwa wowote niliowahi kuugua.

Kwa sababu lilikaa kwangu, matengenezo yakawa yangu. Kwa sababu halikuwa langu, maamuzi yakawa ya ukoo mzima. Radieta ikivuja, mimi na fundi wa Mlandizi, ambaye tangu nimjue hajawahi kunitajia siku nyingine isipokuwa kesho. Kabureta ikigoma, mimi tena, naomba ruhusa kazini, nashuka Gerezani, Dar, kutafuta spea, na vijana wa dukani wanakigeuzageuza kile chuma nilichokwenda nacho, wanaitana waje wakione, wanacheka, wananirudishia. Dirisha moja la nyuma lilikuwa halipandi. Kuku wa jirani akaligundua, akawa anataga ndani, na jirani akawa anakuja asubuhi kuomba nimfungulie gari achukue mayai yake.

Gari letu dogo, lile tunalolitumia mimi na mume wangu kila siku, lilikuwa likilala nje ya geti, barabarani, kwa kuwa uwanjani hapakuwa na nafasi.

Halafu kulikuwa na harusi. Kaka anaishi Kisarawe mjini, mtaa mmoja na mama, na ana kipaji cha kujua harusi zote za wilaya. Alikuwa akinipigia simu nikiwa kazini.

"Mdogo wangu, kuna jambo letu. Tutahitaji gari la mzee."

"Kaka, halina breki za kuaminika."

"Mpelekee fundi, mambo madogo hayo. Bwana harusi ni mjukuu wa rafiki yake baba."

Nalipeleka kwa fundi. Linakwenda harusini. Linarudi limenata soda kwenye viti, riboni zimegandishwa kwa gundi isiyotoka, tangi tupu, na safari moja lilirudi limefungwa kamba nyuma ya trekta. Nikilalamika, naambiwa gari la baba si la kufanyia choyo.

Mume wangu ni mwalimu, mtu mpole kupita kiasi. Alikuwa na mpango wa kujenga vyumba vya mbele, tupangishe. Alishafyatua tofali, akazipanga kulizunguka pijo pande tatu, vizuri kabisa, akawa anazimwagilia maji. Kuzisogeza alikataa, na kugomba hakugomba. "Siku ukiamua utaniambia," alisema, akaendelea kumwagilia. Angegomba ningejua la kumjibu.

Kilichonishinda kilitokea masika iliyopita. Mvua ilinyesha usiku kucha, na kulipopambazuka jiwe nililokuwa nimeweka chini ya gurudumu lilikuwa limezama kwenye tope. Nilikuwa navaa viatu vya kazini nikasikia kishindo, kisha mtu anaita jina la Mungu. Nilipotoka, pijo halikuwepo mahali pake. Lilikuwa halina mafuta, halina betri, lilikuwa halijawashwa tangu Ramadhani, lakini lilishuka lenyewe kwa upande ule mmoja usio na tofali, likapita kwenye uzio wa michongoma na kuingia jikoni kwa jirani. Jiko lao lilikuwa banda la mabanzi lililoegemea ukuta. Likalala chini lote, na sufuria ya uji ikapinduka. Jirani alikuwa ametoka kwenda kuchukua sukari ndani. Angekuwa amekaa kwenye kigoda chake, nisingekuwa nasimulia hivi ninavyosimulia.

Nilimpigia kaka palepale, nimesimama kwenye tope na viatu vya ofisini.

"Gari limeingia jikoni kwa watu."

Kaka alivuta pumzi. "Limeumia?"

Nilikata simu. Siku hiyo sikwenda kazini. Nilishinda na mume wangu tukijenga jiko la jirani, na jioni nilimwambia nimeamua, nauza.

Mnunuzi hakuwa mgumu kupatikana. Kuna mtu wa Dar anayekusanya magari ya zamani na kuyakodisha kwa maharusi na wapiga picha. Mtu mmoja kazini aliwahi kunitajia habari zake. Alikuja mwenyewe, kijana msafi, ana adabu, akalizunguka pijo akiligonga kwa kifundo cha kidole kama anayechagua tikiti sokoni. Akalala chini na shati lake zuri kutazama chasisi. Alipoinuka alitaja bei ambayo haikuwa mbaya hata kidogo, akasema atarudi nikiwa tayari.

Niliitisha kikao kwa mama. Nilifanya hivyo kwa sababu nilijua nikiuza bila kikao nitasimangwa mpaka kaburini, na pia kwa sababu ya mama mwenyewe. Miaka yote ile, kila nilipotaka kuliuza, nilimfikiria yeye. Nilijiambia hicho ndicho kitu kikubwa cha baba kilichobaki, kikiondoka kitamvunja moyo. Uvumilivu wangu wote niliuweka hapo.

Jumapili mimi na mume wangu tulipita Kiluvya, tukatokea Kisarawe kabla ya adhuhuri. Mama alikuwa barazani kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, anajipaka dawa ya magoti. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa ameshafika tangu jana yake, anamimina chai. Kaka alikuwa amekaa kwenye kiti, na pembeni yake alikuwa amekaa mtu asiye wa ukoo wetu.

Huyo mtu sote tunamjua. Anafanya biashara ya kusomba mchanga pale Mlandizi, ana lori lake, mtu mzima mwenye watoto wakubwa. Kila sikukuu huja kumsalimia mama. Alizaliwa ndani ya pijo la baba. Mama yake alishikwa na uchungu kijijini, baba akamchukua kumkimbiza hospitali ya Kisarawe, wakakwama kwenye tope njiani, na mtoto akatokea kwenye kiti cha safu ya pili huku baba amekunja mikono ya shati. Siku ya mazishi ya baba aliisimulia mbele ya watu, na wanaume wazima walilia.

"Huyu nimemwita awe shahidi," kaka alisema.

"Shahidi wa nini? Hatuko mahakamani."

"Dada, mimi sina neno kubwa," yule mtu alisema kwa upole. "Ninachoomba, gari lile lisipotee. Mimi lile ndilo kwetu. Watu wengine wanaonyesha nyumba waliyozaliwa."

"Basi lichukue wewe," nikamwambia. "Leo hii. Nakupa bure."

Akatazama chini. Alisema kwake hakuna nafasi, lori lenyewe analaza kwenye yadi ya mtu. Nikamgeukia kaka, nikamwuliza yeye je. Kaka akaeleza kwamba uwanja wake una mteremko. Nikawaambia wangu pia una mteremko, na jirani yangu ni shahidi mzuri kuliko wote waliopo hapa.

Hapo kaka akasimama. Anapenda kusimama anapozungumza. Akasema nimesahau nilikotoka, nimekuwa mtu wa mjini, kila kitu nakipigia hesabu. "Lile si gari," alisema. "Lile ni baba."

"Basi baba amevunja jiko la watu," nikasema.

Mdogo wetu alicheka ndani ya khanga yake. Mume wangu akakohoa. Kaka alinitazama kama nimetukana, na kwa kweli nilijisikia vibaya, lakini nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka hachagui maneno.

"Mimi hamniulizi?" mama akasema.

Alikuwa anafunga kifuniko cha chupa yake ya dawa. Kaka akainama kwake, akalainisha sauti. "Wewe mama hatuna haja ya kukuuliza. Tunajua huwezi kukubali."

"Nani kakwambia?"

Kaka akakaa.

"Mimi lile gari silipendi," mama alisema. "Sijalipenda tangu alipozaliwa huyu." Akamgusa mdogo wetu gotini. Kisha akamwonyesha yule mtu wa Mlandizi kwa kidevu. "Na wewe umezaliwa siku moja naye. Ulikuwa unalijua hilo?"

Yule mtu alisema hapana. Wala sisi hatukulijua. Tulijua wamepishana kidogo tu, lakini kijijini siku ya kuzaliwa haikuwa kitu cha kuwekea alama.

Mama akasimulia bila haraka. Ilikuwa masika, mchana, mvua imekatika kidogo. Yeye uchungu ulikuwa umemwanza tangu alfajiri, na baba alikuwa ameshamwambia jiandae, tunakwenda Kisarawe, maana mimba zilizotangulia zilimsumbua. Alikuwa ameshafunga khanga zake kwenye mfuko. Mara wakaja watu wamembeba mwanamke kwenye kitanda cha kamba, yuko katika uchungu tangu juzi yake, hali mbaya. Baba akampima, akasema huyu aondoke sasa hivi.

"Nikamwambia sawa, twende sote. Gari lile si la watu wengi? Akasema haya. Nikaenda kuchukua mfuko wangu. Narudi, nakuta gari limejaa. Yule mama kalazwa kiti cha kati. Mama yake yumo, shangazi zake wamo, mume wake yumo mbele, godoro limo, kitanda kimefungwa juu, na mwenye kitanda naye kapanda nyuma, anasema anakifuata kitanda chake. Baba yenu anawaambia shukeni wengine, hakuna anayeshuka, wanalia. Akaniangalia. Akasema, nakimbia mara moja, narudi kukuchukua. Akawasha gari."

Akaivuta khanga begani.

"Mimi ndiye mwenye gari. Nikakosa nafasi."

Baba hakurudi siku ile. Walikwama, mtoto akazaliwa, mto ukajaa, akafika nyumbani kesho yake. Mama alijifungulia chumbani na bibi mmoja jirani aliyefika mambo yameshakwisha. Alipoteza damu nyingi. Hakuinuka kitandani mpaka mahindi yalipotoa ndevu.

Mimi siku ile naikumbuka, kwa sababu ndiye niliyetumwa kumwita yule bibi. Ila ninavyoikumbuka ni tofauti kabisa. Nakumbuka pijo likiondoka limejaa watu, tope likiruka, na sisi watoto tukikimbia nyuma yake tukipunga mikono. Nilijivuna sana. Nilikuwa mtoto wa mwenye gari. Mama alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wake, na sina picha yake hiyo kichwani hata kidogo.

Mdogo wetu aliweka birika chini, akainuka, akaenda uani. Hatukumfuata.

"Mama," yule mtu wa Mlandizi akasema, "mimi sikujua."

"Ungejuaje, nawe ulikuwa tumboni? Sina neno na wewe. Mama yako alinitumia kuku alipopata nguvu. Alikuwa mtu mzuri."

Kaka alikuwa amekunja uso. "Lakini mama, baba alikuwa mganga. Aliona yule hali yake ni mbaya zaidi. Asingempeleka angekufa."

"Ndiyo. Alifanya sawa. Mimi nimesema alikosea?" Mama akamtazama. "Nimesema gari silipendi."

Mimi badala ya kumhurumia mama nilishikwa na hasira, na siwezi kusema uongo hapa. Niliwaza Gerezani, fundi, kuku, riboni, ruhusa zote nilizoomba kazini.

"Kwa nini hukusema?" nikamwuliza. "Mama, nimelitunza lile gari kwa ajili yako."

"Mlikuwa mnaniuliza? Kila mkija hapa ni gari la baba, gari la baba. Nikasema labda watoto wanalipenda." Akaanza kukunja miguu, taratibu, akishika magoti. "Liuzeni. Mimi nataka choo cha ndani. Cha kukaa. Kile cha uani magoti yamekikataa."

Kikao kikaisha hivyo. Kaka hakuagana nami.

Mnunuzi alikuja na gari la kuvuta. Ilibidi mume wangu aondoe tofali za upande mmoja, akaziondoa mwenyewe, akiimba taratibu bila kujua anaimba. Kijana wa Dar alikuwa anafurahi. Alinieleza kwamba atalipaka nyekundu, viti ataviweka ngozi nyeupe.

"Nyekundu?" nikamwuliza.

"Kwenye picha inatoka vizuri sana, mama."

Nikamwambia rangi ile ndiyo rangi yake. Akatabasamu. Nikamwambia usukani asibadilishe, na gia ile ya kwenye usukani asiivute kwa nguvu, inataka mkono mwepesi, na akifunga mlango wa nyuma auinue kidogo kwanza. Nilisikia sauti yangu ikiendelea kutoa maelekezo. Nilibishana naye juu ya kifuniko kimoja cha gurudumu ambacho hata hakikuwa cha gari lile. Nilitaka kukibakiza, sijui cha nini.

"Lina historia yoyote?" akaniuliza. "Wateja wanapenda kusikia. Labda lilibeba kiongozi."

Nilifikiri kidogo. "Lilibeba watu wengi," nikasema, nikaishia hapo. Mengine hayakuwa ya kumpa mtu akawasimulie maharusi wakipiga picha.

Lilipokuwa linavutwa kuelekea barabara kuu, jirani alitoka na watoto wake kutazama. Mume wangu akaja kusimama karibu yangu.

"Unalia," alisema.

"Nina hasira."

"Na nani?"

Nilitafuta wa kumtaja. Kaka nilikuwa nimeshamkasirikia, huyo ni wa kila siku. Baba amekwenda zake, na kila mtu ana hakika kwamba alifanya sawa, hata mama. Yule mwenye kitanda cha kamba, aliyekataa kushuka, simjui hata sura. Nikamwambia mume wangu aendelee na tofali zake.

Choo cha mama kimekamilika. Kaka hakuwa akipokea simu zangu, lakini ndiye aliyekisimamia kila siku, na alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia kulaumu rangi ya vigae, akisema "waliochagua" bila kunitaja. Yule mtu wa Mlandizi alileta lori la mchanga bila kuombwa. Alipomaliza kumwaga alikaa na mama barazani muda mrefu. Mdogo wetu alikuwepo, na anasema mama alimsimulia yule mtu habari za mama yake, alivyokuwa akicheka, alivyokuwa akiuza vitumbua mlangoni pa zahanati, vitu ambavyo yeye hakuwahi kuvisikia kwa sababu mama yake alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo.

Nami nilidhani nimepumzika. Juzi nilikwenda Kisarawe, nikamkuta mama na jambo jipya. Baba aliacha shamba Kwala, mikorosho michache na pori. Tangu ijengwe bandari kavu na viwanda, madalali hawaachi kupita, na mmoja amefika mpaka barazani kwake.

"Liuzeni na lile," mama alisema. "Nataka kubadilisha bati."

Nikamwambia hapana. Nikamwambia shamba lile baba alilifyeka mwenyewe, kwa mikono yake, na si kitu cha kuuza hivihivi. Niliongea kwa kirefu. Nadhani hata nilisimama.

Mama alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaniomba nimsogezee kikombe chake cha chai.